Hatua Tatu Chini ya Jeneza

Tabu yangu ilianza mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi kijijini kwetu, kusini ya Unguja. Asubuhi moja alipanda mnazi aliokwisha kuupanda mara mia, akashuka kwa njia isiyokuwa ya kushukia. Hakufa. Alivunjika nyonga akabaki kitandani, na mtu wa kitandani anakula sawasawa na mtu wa kazini. Mimi ndiye mkubwa kwa ndugu zangu. Nikaacha darasa la nne katikati, hesabu za kugawanya sijazimaliza, nikapelekwa mjini kwa mjomba.

Sisemi haya nionewe huruma. Huruma hailiki. Nasema ili anayesoma ajue nani anazungumza naye. Mimi ni hamali. Nimesukuma rikwama, mkokoteni wa mizigo, toka bandarini Malindi mpaka Darajani na kila kichochoro kilichopo katikati, kwa miaka thelathini na nane, na nyumba ninayokaa leo hapa Bububu nimeijenga kwa mabega haya haya. Wenzangu waliolimaliza lile darasa la nne, wengine wanakuja kwangu kuazima ngazi.

Sasa niseme habari ya mchezo.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, ana miaka ishirini na tatu na anakaa kwangu. Amesomea kompyuta. Mimi humwita mke wangu, kama babu yeyote anavyomtania mjukuu wake, na yeye hunijibu kuwa mahari niliyotoa hayatoshi hata kununulia kanga. Alkhamisi moja alikuja na mwenzake, msichana mchoraji anayekaa Mbweni, wakaniomba sebule yangu kwa siku tatu.

"Mnataka kufanya harusi?" nikawauliza.

"Shindano, Babu."

Akanieleza. Ijumaa jioni washindani wote wanapewa maneno mawili matatu, na kufikia Jumatatu jioni kila kundi liwe limeshatengeneza mchezo wa simu unaotokana na maneno hayo. Michezo inatiwa mtandaoni, watu wa huku na wa nchi za mbali wanaicheza na kuandika maoni yao. Kumi inayopendeza inapewa wiki mbili irekebishwe kwa kufuata maoni hayo. Halafu waamuzi wanachagua mitatu. Walioitengeneza hiyo mitatu wanapewa chumba cha kufanyia kazi mwaka mzima na mtu wa kuwaongoza.

"Na asiyepata?"

"Asiyepata, Baba keshasema. Kuna hoteli Mbweni inataka mtu wa mapokezi. Mwezi ujao naanza."

Hapo nikaelewa mambo yalivyo. Mwanangu si mtu mbaya. Anaogopa mtoto wake kukaa bure, na hofu hiyo kairithi kwangu, maana nimemlea kwa kumwambia kuwa mkono usioshika kitu unaota kutu. Lakini yule binti akikaa mbele ya kompyuta yake anakaa kama nilivyokuwa nikikaa mimi mbele ya rikwama jipya. Nilijua maana yake.

Ijumaa jioni maneno yakaja: njia nyembamba. Akanitazama, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Babu," akasema, "hebu niambie kichochoro kinapitwaje."

Nikamwambia. Nilizungumza toka baada ya chai mpaka adhana. Mwenye mzigo ana haki kuliko asiye na mzigo, kwa hiyo asiye na mzigo ndiye anayerudi nyuma. Mwenye mimba hapishwi tu, anangojwa. Ukikaribia kona huwezi kuona mbele, basi unapiga ukelele: "Simile!" Yaani jamani nipisheni, nina mzigo. Unapiga mara moja kwa nguvu, na mara ya pili kwa adabu, kwa sababu mara ya kwanza ni ya miguu ya watu na mara ya pili ni ya nyoyo zao. Yule mchoraji akawa anachora huku mimi nasema. Mjukuu wangu akanishikia simu mdomoni, "Sema simile, Babu." Nikasema. "Tena." Nikasema tena. Nilisema simile mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ukuta mzigo wenyewe uko wapi. Mwisho wakachukua ile niliyosema wakati nshakasirika. Ndiyo iliyomo kwenye mchezo mpaka leo.

Nikawaambia pia: lazima kuwe na jeneza. Katika vichochoro vyetu hakuna siku nzima inayopita bila jeneza. Linatoka msikitini, linakuja mbio, na wewe una rikwama. Wakakubali. Jumamosi mchana mchoraji akanionesha alivyolichora. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kachora wanaume wanne, kila mmoja kwenye pembe yake, wanakwenda polepole kama askari wa gwaride.

"Maiti huyu hana watu?" nikamwuliza.

"Vipi, Babu?"

"Wanne tu? Toka nyumbani mpaka makaburini wanne hao hao? Kwao hakuna majirani?"

Mjukuu wangu akasema, "Babu, sisi wanawake tunabaki ndani. Jeneza tunaliona mgongo tu, likitoka mlangoni. Tutajuaje mnavyolichukua?"

Kweli. Sikuwahi kulifikiri jambo hilo. Nusu ya watu wa mji huu hawajui kinachofanyika chini ya jeneza. Basi nikawatoa uani, nikaishusha ile ngazi yangu, tukaibeba mabegani. Nikawaonesha: hakuna mwenye pembe yake. Unaingia mbele, unatia bega, hatua chache, wa nyuma yako anakupokea, nawe unatoka pembeni. Watu wanagombania. Jeneza linakwenda kama linaogelea juu ya vichwa, na kila aliyepo njiani anachukua fungu lake la thawabu, anayemjua maiti na asiyemjua. Tukawa tunazunguka ua, ngazi begani, wasichana wawili na mzee mmoja, tukipokezana.

Jirani akachungulia. "Mzee, kafa nani?"

"Ngazi!" nikamjibu.

"Innalillahi. Na mimi nilitaka kuiazima."

Wakalichora upya. Lakini sheria niliitia mimi: jeneza likitokea, rikwama linasimama lenyewe. Mchezaji hana hiari. Anatia bega, anangoja watu wote wapite, ndipo anaendelea. Mjukuu wangu akauliza, "Na asiyetaka kusimama?"

"Hakuna asiyetaka," nikamwambia, upesi upesi. Akaniangalia kidogo, akaandika.

Jumatatu jioni wakautia mchezo mtandaoni. Alkhamisi iliyofuata maoni yakaanza kuja. Kila baada ya sala ya alasiri nilikuwa nikikaa kwenye ngazi za jikoni na kikombe changu, naye akinisomea, ya Kiswahili kama yalivyo na ya lugha nyengine akiyageuza. Mimi nasoma, lakini nasoma kama rikwama lenye gurudumu bovu. Akisoma yeye tunafika.

Mmoja aliandika kwamba vichochoro vimependeza, ila rikwama linateleza kama sabuni. Mwengine alitaka kuchagua mzigo mwenyewe. Wa tatu akasema ile sauti ya mzee anayepiga kelele imemfanya acheke ndani ya gari la watu. Nilimwambia asome hilo mara ya pili. Mwanamke mmoja aliyehama kisiwani zamani aliandika kuwa ameiona kona ya nyumba yao. Nikanywa chai yangu kwa raha.

Na mchezo ukaingia katika kumi. Nyumba ilijaa vigelegele, na mimi nikachinja jogoo.

Lakini baada ya kula ule wali, mjukuu wangu akaleta daftari. Alikuwa kayapanga maoni yote, mazuri upande huu, mabaya upande huu. Upande wa mabaya, karatasi nzima ilikuwa jeneza. "Nacheza vizuri, jeneza linakuja, nakaa nangoja kama nimo foleni." "Kwa nini nalazimishwa?" "Mazishi mara tatu kwa safari moja, nimeufuta mchezo." Mwengine aliuliza kama wabunifu wana msiba.

"Tumefikiri tulitoe, Babu," akasema mchoraji. Alisema kwa adabu, macho chini.

"Litoeni."

"Kweli?"

"Litoeni. Na sauti yangu itoeni. Na vichochoro. Muweke barabara pana na taa, muweke na ndege, rikwama liruke."

"Babu," mjukuu wangu akasema, "waamuzi wanaangalia kama tumeyasikiliza maoni. Tusiposikiliza tunatoka. Nikitoka, unajua naenda wapi."

Nilijua. Nikanyanyuka nikaenda kulisha kuku ambao walikuwa wameshalishwa. Siku mbili chai yangu ililetwa bila utani. Hakuna aliyeniita mume. Mtu hajui ukubwa wa utani mpaka unyamaze.

Siku ya tatu nikaona nitafute mashahidi. Nikamwambia, "Chukua simu yako, twende Malindi." Mle Malindi nina chumba, ghala dogo nilikokuwa nikiwekea rikwama, na mbele yake kuna baraza. Hapo barazani huwakuta wenzangu watatu wa kazi, mahamali wa zamani kama mimi. Mmoja haoni vizuri, mmoja hasikii vizuri, wa tatu ana yote mawili mazima, lakini mdomo wake ndio ugonjwa. Nilijua wale hawatalikataa jeneza.

Mjukuu wangu akawaamkia, "Shikamooni." "Marahaba, mwanangu, marahaba." Akampa simu yule asiyeona vizuri.

"Mpe mwenye macho!" akasema mwenye mdomo.

"Nnayo macho! Hebu, nasukumia wapi? Hapa?"

"Hapo ni ukutani."

"Naona."

"Ushaupiga."

"Nimeupiga makusudi, najaribu uimara."

Mjukuu wangu kaziba mdomo kwa mtandio. Simu ikenda kwa mwenye mdomo. Akaanza vizuri, akafika kwenye mteremko, akagombana nao. "Mwanangu, nani kakufundisha hivi? Rikwama lenye mzigo likiwa linashuka huendi nyuma yake. Unakwenda mbele, unaligeuzia mgongo, unalizuia. Huyu wako yuko nyuma kama anasukuma pembea ya mtoto. Angekuwa mtu kweli, sasa hivi tunamchukua hospitali." Mjukuu wangu akaandika. Asiyesikia vizuri akauliza nani kachukuliwa hospitali. Tukamwambia, akasema afadhali.

Nami nilikuwa nimeyasahau hayo ya mteremko. Nilimweleza adabu zote za njia, nikaacha kumwambia jambo ambalo mwili wangu ulikuwa ukilifanya bila kuniuliza. Niliona haya kidogo.

Halafu sauti yangu ikatoka kwenye simu: "Simile!" Wakacheka wote watatu, wakanipiga mabega. Na mara jeneza likatokea. Rikwama likasimama.

"Mbona limesimama?" akauliza mwenye mdomo.

"Jeneza, babu," akasema mjukuu wangu.

"Naliona. Nauliza mbona limesimama, sijalisimamisha."

"Linasimama lenyewe. Ni sheria."

Akaiweka simu juu ya goti. "Hapana. Hilo si kweli. Mtu hasimamishwi na jeneza, mwanangu. Mtu anasimama. Kama anasimamishwa, thawabu apewe nani, simu?" Akanigeukia mimi, meno yake yote matano nje. "Mwulize babu yako. Kutosimama kwenyewe anakujua."

Yule asiyesikia vizuri, siku hiyo akasikia. Akaangalia chini. Mwenye mdomo naye akaona keshavuka mpaka, akajifanya anatafuta kofia yake iliyokuwa kichwani. Mjukuu wangu akanitazama, wala hakuuliza. Angeuliza, ningemkaripia na mambo yangeishia hapo. Hakuuliza.

Nikafungua ghala, nikamwambia aingie akae juu ya gunia. Nikamweleza kitu ambacho bibi yake alikufa hajakijua.

Nilipokuja mjini, mzee mmoja wa Malindi alikuwa na marikwama matatu. Wengine walinifukuza, maana nilikuwa mwembamba kama mpini. Yeye alinipa moja. Hakunifundisha kusukuma. Wiki nzima alinifundisha kusimamisha tu. Alijaza mawe, akanipeleka kwenye mteremko, akasema, "Simamisha." Nikishindwa, tunarudi juu. Kwa sababu yake nina miguu yote miwili.

Miaka ikapita. Nikawa hamali wa kweli, nina rikwama langu mwenyewe, nina jina pale bandarini kuwa mzigo wangu hauchelewi. Siku moja nilitoka alfajiri kwenda kuchukua barafu ya wavuvi, mabonge makubwa, nimeyafunika unga wa mbao na magunia. Jua kali. Barafu inadondoka njia nzima, kila tone nalisikia. Naingia kichochoroni baada ya sala ya adhuhuri, na mbele linakuja jeneza.

Ningeliegesha rikwama ukutani. Ningetia bega. Kila mtu anajua. Mimi nilipiga ukelele, "Simile!"

Nililipigia simile jeneza. Nikaendelea kusukuma. Watu wakajibana ukutani, jeneza likainama upande mmoja, mikono ikalidaka. Hakuna aliyenitukana. Watu wa Mji Mkongwe hawakutukani, wanakutazama. Nikafikisha barafu, wavuvi wakanisifu. Jioni ndiyo nikaambiwa nani alikuwa ndani ya lile jeneza. Alikuwa yule mzee. Alikufa alfajiri, wakati mimi niko kwenye barafu.

Hakuna aliyenifanya kitu. Lakini kuna mitaro pale vichochoroni, na gurudumu la rikwama linaingia mtaroni mara moja kila siku, na peke yako hulitoi. Zamani nikikwama, mtu anatoka dukani, mwengine anatoka barazani, moja mbili tatu, limetoka. Baada ya siku ile nikikwama, watu wana kazi. Muuza duka anahesabu kibiriti. Mwenye baraza kasinzia. Hawakukubaliana, hawakukaa kikao. Nilikuwa nikishusha mzigo wote mmoja mmoja, nalitoa rikwama tupu, napakia tena. Miezi.

Nikangoja mjane amalize eda, nikaenda. Nilikaa nje ya pazia la mlango wake. Nikasema niliyoyasema, siyarudii hapa. Nikasikia anapepeta mchele. Kisha akasema, "Barafu nayo ni mali ya watu, najua. Lakini ungetia bega hata hatua tatu. Barafu ingepungua kiasi gani kwa hatua tatu?"

Mpaka leo naipima ile barafu.

Akasema tena, "Basi kila litakalopita, mtilie yeye hatua tatu." Ndivyo nilivyofanya, kila jeneza, kwa miaka yote iliyobaki ya kazi. Siku nisiyoikumbuka tarehe, gurudumu likaingia mtaroni, na muuza duka akaweka kibiriti chini akatoka.

Nilipomaliza, mjukuu wangu alikuwa kakaa na daftari lililofungwa. Mimi nilidhani atalia, wasichana wa siku hizi wanalia. Hakulia. Alisema, "Babu, huo mtaro hukuniambia."

"Mtaro gani?"

"Wa kukwama. Kwenye mchezo wangu hakuna mtaro. Kwa hiyo mtu akisimama hapati kitu, akipita hapotezi kitu. Ndiyo maana wanachoka." Akafungua daftari. "Wana haki, wale wachezaji. Na wewe una haki. Mimi ndiye niliyekosea."

"Mie ndiye niliyekudanganya," nikamwambia. "Nilisema hakuna asiyetaka kusimama."

"Hilo nalo nitaliandika," akasema. Hapo akacheka, na utani ukarudi nyumbani kwangu.

Wiki mbili zile walifanya kazi kama watu wanaokimbia mvua. Mpango waliubandika ukutani kwangu, juu ya picha ya Makka, nikawaambia waushushe, wakaushusha chini ya picha. Rikwama lisiteleze tena. Mteremkoni mtu aende mbele. Mzigo uchaguliwe. Na jeneza: liwe la hiari. Likija, unaweza kupiga simile ukapita, na hakuna kitakachokupata, si adhabu, si maandishi ya kukusuta. Au unaweza kuegesha, ukatia bega kwa hatua tatu, zinahesabika kwa kidole, ukaendelea. Mbele ya safari kuna mtaro. Gurudumu litaingia, lazima liingie. Kama ulitia bega, watu wanatoka milangoni. Kama hukutia, milango iko wazi na hakuna anayetoka, na unashusha gunia moja moja. Mchoraji alitaka waandike maelezo. Mjukuu wangu akakataa. "Babu hakuandikiwa maelezo," akasema.

Maoni ya pili yakaja. Si wote waliofurahi. Mmoja alisema mchezo umekuwa mgumu zaidi, na kweli. Mwengine alilalamika kuwa watu wa kwenye mchezo ni wavivu, hawamsaidii mtaroni, na kumi walimjibu kabla hatujamjibu sisi. Kuna aliyeandika mstari mmoja tu: "Nimerudi mwanzo." Huyo nilimwambia mjukuu wangu amwandikie ahsante kwa jina langu.

Siku ya matokeo wakawa wa nne.

Wanaotakiwa ni watatu. Wa nne anapigiwa makofi na kupewa soda. Nilikuwepo ukumbini, nimevaa kanzu na koti, na nilitaka kusimama niwaambie waamuzi wale neno moja, mjukuu wangu akanivuta mkono. "Babu, kaa. Wa kwanza wamestahili, nimeucheza mchezo wao." Nikakaa. Sijapenda, lakini nikakaa.

Jioni yake mwanangu akaja nyumbani. Hakusema habari ya hoteli kwanza, na hilo nampa. Aliomba simu. Akacheza, amesimama, funguo za gari mkononi. Likaja jeneza, akapiga simile, akapita. Tulimwona wote. Akafika mtaroni, akakwama. Akabonyeza, akabonyeza.

"Mbona hawaji hawa?"

"Ulipita jeneza, Baba," akasema binti yake.

Akatazama simu. Akakaa chini. Akaanza tena toka bandarini, na mara hii alipolifikia jeneza niliona midomo yake inahesabu: moja, mbili, tatu.

Alipomaliza akasema, "Lakini hoteli nshawaahidi."

"Asubuhi akae hotelini," nikasema mimi, "mchana awe kwenye kazi yake. Na wewe usiniambie hana chumba. Chumba nitampa mimi." Nikavua ufunguo wa ghala la Malindi kwenye shada langu la funguo, nikauweka kwenye kiganja cha yule binti. Mwanangu akafungua mdomo, akakumbuka yuko nyumbani kwa nani, akaufunga.

Sasa ni mwezi wa saba toka aanze. Asubuhi anawapokea wageni Mbweni, na anasema anaipenda ile kazi, kwa sababu watu wanaofika na mizigo anawaelewa. Alasiri yeye na mwenzake wako ghalani. Wanaandaa toleo la tatu. Wenzangu wa barazani ndio wa kwanza kulijaribu, na yule mwenye mdomo anasema bila yeye mchezo ungekuwa takataka. Hakosei sana, lakini usimwambie.

Leo nina nyumba hii Bububu, vyumba vinne, bati jipya. Nina kisima. Nina kipande cha shamba kule kijijini, minazi kumi na tisa, na mtu wa kukwea ambaye nimemkataza kupanda mvua ikinyesha. Nina ghala Malindi, ambalo sasa ndani yake mna meza mbili na kompyuta mbili zisizokuwa zangu. Nina marikwama mawili, moja linafanya kazi kwa mikono ya wengine, moja limeegeshwa nje ya ghala na wasichana wanawekea vikombe vya chai. Nina kuku kumi na wanne, jogoo hakuna. Nina kanzu tatu, koti moja, saa inayokwenda. Nina ngazi, iko kwa jirani.